Vijana na Wakubwa katika Picha za Sinema za Zamani

Leo twapenda kuwasimulia habari za ugomvi ambao hapana nyumba isiyoujua, nao ni ugomvi kati ya amri za wakubwa na mioyo ya vijana. Hatutautazama ugomvi huo katika kijiji fulani wala katika ukoo fulani. Tutautazama katika picha za sinema za zamani, hasa picha mbili, moja ya Ujerumani na moja ya Ufaransa. Zote mbili zilisimulia habari za shule za bweni, na zote mbili ziliwakasirisha wenye mamlaka. Twazichagua hizo kwa sababu waliozitunga hawakubahatisha. Kila mmoja wao alikuwa amelala katika bweni la namna ile, amekula chakula chake, na ameishi chini ya kanuni zake.

Lakini kwanza yafaa turudi nyuma kidogo.

Tarehe 28 Desemba 1895, katika mji wa Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao zinazokwenda mbele ya watu waliolipa kiingilio. Walizionyesha katika chumba cha chini cha mkahawa ulioitwa Grand Café. Picha zilikuwa kumi, na kila moja ilikwisha upesi, katika muda wa dakika moja hivi. Nyingi zilikuwa za mambo ya kila siku: wafanyakazi wanatoka kiwandani, mtoto mchanga analishwa. Lakini mojawapo ilikuwa na kisa ndani yake. Mtunza bustani anainywesha mimea kwa mpira wa maji. Mvulana anakuja nyuma yake kwa kunyata, anaukanyaga mpira, na maji yanakatika. Yule mzee anashangaa, anauinua mdomo wa mpira na kuchungulia ndani. Mvulana anaondoa mguu, na maji yote yanamrukia mzee usoni. Basi mzee anamfukuza, anamkamata, anamrudisha mpaka katikati ya picha, na kumchapa matakoni. Kisha anaendelea na kazi yake.

Watu walicheka, na sisi pia tukiitazama leo twacheka. Lakini hebu angalieni jinsi hadithi ile ndogo inavyokwisha. Kosa limetendwa, kosa limelipwa, na bustani imerudi katika utaratibu wake. Yule mtoto hana jina, wala hatuambiwi kwa nini alifanya vile. Tena kuna jambo moja dogo ambalo twaona lina maana kubwa. Mzee angaliweza kumchapa mtoto palepale alipomkamata, lakini huko mashine ya kupigia picha isingaliwaona vizuri. Ndiyo sababu ilimlazimu kumkokota mpaka mbele yetu. Adhabu ilipasa kuonekana.

Kwa muda wa miaka mingi tangu siku ile, sinema kwa jumla ilishika upande wa mtunza bustani. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Nyumba za sinema zilipoenea mijini, wachungaji, walimu na mahakimu walianza kulalamika kwamba vijana wanaharibika katika giza lile, wakijifunza wizi na uasherati. Mwaka 1907 mji wa Chicago ulitoa sheria kwamba picha haitaonyeshwa pasipo idhini ya mkuu wa polisi. Uingereza nayo ikapata baraza la kukagua picha mwaka 1912. Watengenezaji wa picha, ambao walikuwa watu wa biashara kwanza, wakajifunza upesi. Waliweza kumwonyesha kijana akiasi, kwa sharti kwamba kabla taa hazijawashwa awe amejuta, au amekufa.

Hata zile picha zilizomhurumia kijana ziliogopa kuigusa sheria yenyewe. Chukueni mathalani picha ya Mmarekani D. W. Griffith iliyotolewa mwaka 1920, jina lake Way Down East. Ni habari ya msichana maskini aliyedanganywa na tajiri kwa ndoa ya uongo, akazaa, na mtoto akafa. Mkulima mmoja mwenye dini kali, aliyemwajiri nyumbani kwake, aliposikia kwamba alipata kuzaa, alimfungulia mlango na kumtoa nje usiku katika tufani ya theluji. Watu wengi waliilia picha ile. Lakini inakwishaje? Mzee anatambua kwamba msichana alidanganywa, anamwomba radhi, na msichana anaolewa na mwana wa nyumba ile ile. Yaani alisamehewa kwa kuwa hakukosa. Je, kama angalikosa kweli, mlango ule wa theluji ungalikuwa wa haki? Picha haikuuliza.

Aliyeuliza swali la namna hiyo alikuwa mwanamke wa Kijerumani, Christa Winsloe.

Winsloe alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Darmstadt. Mama yake alikufa yeye akiwa angali mtoto, naye akapelekwa Potsdam, karibu na Berlin, mji wa wafalme wa Prussia na wa askari wao, akawekwa katika shule ya bweni iliyofuata kanuni kama za kambi. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kuchonga sanamu, lakini shule ile haikumtoka moyoni, na mwaka 1930 alitoa mchezo wa kuigiza juu yake. Mwaka uliofuata mchezo ule ukafanywa picha ya sinema yenye sauti, ikaitwa Mädchen in Uniform, maana yake Wasichana katika Sare. Aliyeisimamia picha hiyo ni Bibi Leontine Sagan, mwanamke aliyezaliwa katika dola ya Austria na Hungaria, na ambaye sehemu ya ujana wake aliishi Afrika ya Kusini. Huko Afrika ya Kusini ndiko alikorudi baadaye kufanya kazi ya michezo ya kuigiza, na ndiko alikofia mwaka 1974. Fedha za kuitengeneza zilikuwa chache, hata waigizaji na mafundi walikubali kupewa hisa katika mapato badala ya mshahara. Jambo jingine lililowashangaza watu ni kwamba waigizaji wote ni wanawake. Hamna mwanamume hata mmoja anayeigiza ndani yake, lakini amri za wanaume zimejaa. Zinasikika katika tarumbeta za askari zinazolia mbali, na zinaonekana katika sanamu za mawe za mashujaa ambazo picha inatuonyesha mwanzoni.

Msichana anayehusika ni Manuela, mtoto wa afisa, naye hana mama. Shangazi yake anamleta shuleni, anamwacha, anakwenda zake. Nguo zake zinachukuliwa, anavikwa vazi la mistari lililokwisha kuvaliwa na msichana mwingine, na nywele zake zinavutwa nyuma na kufungwa. Barua zinasomwa na wakubwa kabla hazijatoka. Chakula ni kidogo. Msichana mmoja anajaribu kutorosha barua kwa wazazi wake kuwaambia kwamba wanashinda na njaa. Barua inakamatwa, naye anaadhibiwa. Bibi Mkuu wa shule, mzee anayetembea na bakora, haoni kwamba njaa ile ni aibu. Kwa maoni yake ni dawa, kwani Prussia ilipata ukubwa wake kwa nidhamu na kwa kushinda njaa. Wasichana hawa ni binti za askari, na Mungu akipenda watakuwa mama za askari.

Twaomba mkumbuke ni mwaka gani maneno haya yalitoka katika vinywa vya waigizaji. Ilikuwa 1931. Katika Ujerumani nzima watu zaidi ya milioni tano walikuwa hawana kazi kabla mwaka ule haujaisha. Mtazamaji aliyekaa kitini alikuwa ameiacha njaa nyumbani kwake, naye sasa anamsikia bibi mwenye nishani kifuani akiisifu njaa kuwa ni mwalimu mwema. Hapo ndipo tuonapo ubora wa kazi ya Winsloe na Sagan. Hawakumfanya Bibi Mkuu kuwa shetani. Yeye haibi, hasemi uongo, wala hafurahii kilio cha watoto. Ni mtu mwadilifu kabisa, na uadilifu wake ndio unaowaumiza.

Katika nyumba ile baridi yumo mwalimu mmoja, Bibi von Bernburg, ambaye kila usiku hupita kitanda hadi kitanda na kumbusu kila mtoto katika paji la uso. Alipoona kwamba shimizi ya Manuela imechakaa na kutatuka, alimpa mojawapo ya zake. Manuela alilia. Tangu hapo alimpenda mwalimu yule kwa pendo lililopita lile la mwanafunzi. Hatutaki kulificha neno hili kama wakaguzi wa Marekani walivyotaka lifichwe. Winsloe mwenyewe alikuwa mwanamke aliyependa wanawake, na alikuwa akiandika habari za moyo alioujua. Lakini hapohapo yafaa tuone kwamba katika kisa hiki njaa ya tumbo na njaa ya mapenzi zimefungwa kamba moja. Mtoto asiye na mama, aliyenyimwa kila kitu, anapewa nguo moja ya mkononi mwa mtu, na moyo wake wote unaifuata nguo ile. (Kwa njia, waigizaji hawa wawili, mwanafunzi na mwalimu, yaani Hertha Thiele na Dorothea Wieck, walizaliwa mwaka mmoja, 1908. Mtazamaji hatambui hata kidogo, na hiyo ni sifa yao.)

Siku ya kuzaliwa ya Bibi Mkuu, wasichana wanacheza mchezo wa Schiller, na Manuela anavaa mavazi ya mwana wa mfalme. Anacheza vizuri mno. Baadaye wanapewa kinywaji ambacho kimetiwa nguvu kuliko ilivyopasa, naye, akiwa amelewa furaha na kilevi pamoja, anasema mbele ya wenzake wote kwamba anampenda Bibi von Bernburg na kwamba ile shimizi yake ndiyo aliyoivaa. Bibi Mkuu amesimama mlangoni, amesikia yote.

Hukumu inatoka upesi. Manuela anatengwa na wenzake, na mwalimu anakatazwa kusema naye. Bibi von Bernburg anakwenda kumtetea, naye anasema, kwa maana tunavyoifasiri sisi, kwamba kile mnachokiita dhambi mimi nakiita roho ya upendo, yenye sura elfu. Wakati wakubwa wanabishana, mtoto anapanda ngazi ndefu ya katikati ya nyumba mpaka juu kabisa, anavuka kizuizi, anatazama chini.

Katika ule mchezo wa kwanza wa kuigiza Manuela anajitupa na kufa. Katika picha ya sinema haifi roho yake. Wasichana wenzake wamegundua kwamba hayupo, wanakimbia katika vyumba wakiliita jina lake, wanapanda ngazi kwa wingi, na mikono yao inamkamata na kumvuta nyuma. Mtoto hakuokolewa na kanuni, wala mwalimu hakuwahi kumfikia. Aliokolewa na watoto waliokataa amri ya kutosema naye. Kisha Bibi Mkuu anashuka ngazi ile ile polepole, bakora yake ikigonga, wasichana wakimtazama bila neno. Hakuna anayemzomea. Anaingia katika ukumbi wenye giza, na nje tarumbeta ya askari inalia kama siku zote.

Picha hii ilipendwa sana Ujerumani, ikavuka bahari. Huko Marekani ilionyeshwa New York mwaka 1932, baada ya vipande kukatwa. Basi wengine wakadhani kwamba zama za wale wabibi wenye bakora zimekwisha. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1933 Hitler alishika serikali, na watu waliofanya picha ile wakatawanyika. Mmoja wa waigizaji, Erika Mann, binti wa mwandishi Thomas Mann, aliondoka Ujerumani mwaka ule ule. Thiele alikwenda Uswisi baadaye. Winsloe aliishi Ufaransa, na mwaka 1944, karibu na mji wa Cluny, yeye na mwanamke aliyeishi naye walipigwa risasi msituni na Wafaransa waliodai kwamba ni wapelelezi wa Wajerumani. Dai hilo lilikuwa uongo.

Na sasa twafika mahali ambapo hadithi inapinda. Mngetazamia kwamba Wanazi wangetoa picha za kuwasifu wazazi wakali na kuwakemea vijana waasi. Kinyume chake, mwezi Septemba 1933, mbele ya Hitler mwenyewe katika mji wa Munich, walionyesha picha iliyoitwa Hitlerjunge Quex, iliyosimamiwa na Hans Steinhoff. Ni habari ya mvulana wa Berlin, mtoto wa fundi maskini asiye na kazi. Baba ni mlevi na Mkomunisti. Anampiga mwanawe kwa kuimba wimbo wa vijana wa Hitler, na kumlazimisha kuimba ule wa Wakomunisti. Mama, kwa kukata tamaa, anafungulia hewa ya jiko usiku ili afe pamoja na mtoto. Mama anakufa, mtoto anapona, naye anakwenda kwa vijana wenye mashati ya rangi ya udongo, ambako kuna moto wa kambi, usafi na wimbo. Mwishoni anauawa, na picha inamfanya shahidi.

Mwaitambua sura yake? Ni kijana yule yule anayeonewa, nyumba ile ile isiyo na upendo, fimbo ile ile. Lakini mtoto huyu aliikimbia fimbo ya baba akaingia katika mstari wa gwaride. Alivuliwa nguo zake akavikwa sare, kama Manuela, na mara hii picha inataka tushangilie. Twaona hapa kwamba haitoshi kusema picha fulani iko upande wa vijana. Yapasa tuulize inawapeleka wapi. Wale wasichana wa Potsdam walikimbia kumshika mwenzao asife. Huyu wa Berlin alifundishwa kwamba kufa ndiyo heshima, na wavulana wengi walioitazama picha ile walikuwa na umri wa kutosha kuvaa sare ya kweli ifikapo 1939.

Twende sasa Ufaransa, mwaka ule ule wa 1933.

Huko kulikuwa na kijana mmoja mgonjwa wa kifua, jina lake Jean Vigo. Alizaliwa mwaka 1905. Baba yake, aliyejiita Miguel Almereyda, alikuwa mwandishi wa magazeti na mpinzani wa serikali. Yeye mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na saba alipata kufungwa katika gereza la watoto la Petite Roquette huko Paris. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alishitakiwa kuwa msaliti, akakamatwa, na mwezi Agosti 1917 akakutwa amekufa gerezani, amenyongwa kwa kamba za viatu. Jean alikuwa na miaka kumi na miwili. Baada ya hapo alikaa miaka kadha wa kadha katika shule za bweni, kwanza Nîmes, kisha Millau, akitumia jina jingine ili asijulikane kuwa ni mtoto wa yule msaliti.

Mtoto aliyefichwa jina lake, mwana wa mtu aliyefungwa angali mtoto, ndiye aliyeitengeneza Zéro de conduite. Jina hilo maana yake ni sifuri ya mwenendo. Katika shule ile mwanafunzi aliyepata sifuri hiyo alizuiliwa kutoka siku ya Jumapili. Picha ni fupi, haitimizi hata saa moja. Ilipigwa upesi, mwishoni mwa 1932 na mwanzoni mwa 1933, kwa fedha za tajiri mmoja aliyempenda Vigo. Wavulana wengi waliomo hawakuwa waigizaji wa kazi.

Ukiifananisha na ile ya Potsdam utaona tofauti mara moja. Winsloe na Sagan walitaka tumhukumu Bibi Mkuu kwa haki, kama barazani. Vigo hana baraza. Yeye anatuonyesha wakubwa jinsi mtoto wa miaka kumi na miwili anavyowaona usiku akiwa amejifunika blanketi. Mwalimu mkuu ni mtu mfupi kuliko wanafunzi wake, mwenye ndevu nyingi na kofia ngumu, ambaye rafu ya kuwekea kofia hiyo haifikii ila kwa taabu. Msimamizi mmoja hunyata madarasani akiiba vitu vya watoto. Chakula ni maharagwe, kesho maharagwe, na keshokutwa maharagwe. Mkubwa mmoja tu, kijana aitwaye Huguet, bado ana utoto ndani yake. Anasimama kwa mikono juu ya meza, na akiwapeleka watoto matembezini huwasahau njiani.

Kuna mtoto mmoja mwembamba, mwenye nywele ndefu, aitwaye Tabard. Mwalimu wa elimu ya vitu, mtu mnene, anampapasa nywele na kuuweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Tabard anauvuta mkono wake, anamtupia tusi. Wakubwa wanataka aombe radhi mbele ya shule nzima. Tabard anasimama, anakusanya nguvu zake, na kulirudia lile tusi, safari hii kwa wote. Tusi hilo halikubuniwa na Vigo. Baba yake alikuwa amelichapa zamani katika gazeti, kubwa, dhidi ya wakubwa wa serikali. Mtoto aliyekatazwa kulitaja jina la baba yake alipata hivyo kulitaja neno lake.

Usiku ule bweni linaasi. Wanapigana kwa mito hata mito inapasuka, na manyoya yanajaa chumba chote kama theluji. Hapo picha inaanza kwenda polepole, wavulana wakitembea katika nguo za kulalia, mmoja amebebwa kitini kama mfalme. Muziki wa Maurice Jaubert uliandikwa, ukapigwa kinyumenyume, kisha sauti ile ikageuzwa tena, hata masikio yanasikia wimbo lakini hayajui unatoka wapi. Tumeitazama sehemu hii mara nyingi, na hatuwezi kuieleza zaidi ya hivyo.

Asubuhi ni sikukuu ya shule. Wageni wa heshima wamekuja, mkuu wa wilaya katika sare yake yenye nakshi, na padre. Nyuma yao, katika safu ya viti, wameketi wageni wengine ambao, ukitazama vizuri, ni masanamu tu yaliyovikwa nguo. Wavulana wanne wamepanda juu ya paa. Wanatupa vitabu, viatu na makopo, wakubwa wanakimbilia ndani, na wale wanne wanapanda mgongo wa paa kuelekea angani wakiimba, huku Huguet akiwapungia kofia kutoka chini. Hapo picha imekwisha. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna aliyekokotwa mpaka katikati ya picha kuchapwa mbele yetu. Tangu ule mpira wa maji wa 1895 ilikuwa miaka thelathini na saba na zaidi.

Picha ilionyeshwa tarehe 7 Aprili 1933 kwa waandishi na wenye nyumba za sinema. Wengine walifurahi, wengine walizomea. Kisha wakaguzi wa serikali wakaipiga marufuku nchi nzima. Serikali ya Ufaransa wakati huo haikuwa ya dikteta. Ilikuwa jamhuri iliyochaguliwa, lakini nayo iliwaogopa wavulana wanne juu ya paa. Huenda kilichowauma si yale makopo, bali yale masanamu kukaa safu moja na mkuu wa wilaya.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusiwacheke Wafaransa. Katika miaka ile ile, serikali za kikoloni katika nchi zetu zilikuwa na kanuni zao za kukagua sinema, na zilibagua kati ya picha zilizoruhusiwa kwa Wazungu na zile zilizoruhusiwa kwa Waafrika, kwa hoja kwamba Mwafrika, hata akiwa mzee mwenye wajukuu, ni kama mtoto, atavurugwa akili akiona wakubwa wakidharauliwa. Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, tangu 1935 hadi 1937 zilitengenezwa picha za kuwafundisha watu wa vijijini kilimo, afya na kuweka akiba. Mafundisho mengine yalikuwa na faida, hatukatai. Lakini paa la shule ile ya Vigo halikuonekana kutoka hapo.

Vigo hakuona katazo likiondolewa. Alitengeneza picha moja zaidi, L'Atalante, ambayo wenye kuiuza waliikata na kuibadilisha jina. Akafa kwa kifua kikuu tarehe 5 Oktoba 1934, umri wake miaka ishirini na tisa. Zéro de conduite ilikaa gizani mpaka vita vya pili vilipokwisha, na mwaka 1945 ndipo ilipopata ruhusa.

Mwaka uliofuata, mvulana mmoja wa Paris wa miaka kumi na minne, aliyezoea kutoroka shule ili aende sinema, aliziona picha za Vigo. Jina lake François Truffaut. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe alifungiwa katika nyumba ya kuwarekebisha watoto wakorofi, na baba yake wa kambo ndiye aliyempeleka polisi. Mwaka 1959 alitoa picha yake ya kwanza ndefu, Les Quatre Cents Coups, habari ya mtoto kama yeye. Ndani yake kuna mahali ambapo mwalimu wa michezo anawakimbiza wanafunzi barabarani, yeye mbele akipuliza filimbi, nao nyuma wakichomoka wawili wawili katika kila pembe ya nyumba, hata amebaki na wachache tu, naye hajui. Truffaut alikuwa ameuchukua mchezo huo kwa Vigo, kutoka yale matembezi ya Huguet.